Sangara Anasafiri na Barafu, Ng'ombe Je?

Kila msimu wa sherehe unapokaribia, akina mama huniuliza swali lile lile: nyama mbichi inaweza kukaa muda gani bila friji? Safari hii kijana mmoja anayefanya kazi machimboni ameniongezea swali jingine. Amesikia kwamba ng'ambo kuna karatasi na mifuko iliyotiwa viini vya kuua vijidudu, na kwamba nyama ikifungwa humo hukaa siku nyingi ikiwa mbichi. Je, mifuko hiyo haiwezi kuletwa huku kwetu Shinyanga na Geita, ambako ng'ombe ni wengi na friji ni chache?

Swali ni zuri na nitalijibu. Lakini nitangulize msimamo wangu, ili asiseme mtu kwamba nimezunguka. Mifuko hiyo ni kitu chema. Hata hivyo haitatufaa kitu mpaka kwanza tumfanyie ng'ombe yale ambayo tulikwisha kumfanyia sangara.

Tuanze na nyama yenyewe. Katika ng'ombe mwenye afya njema, mnofu ulio ndani ya paja karibu hauna kijidudu hata kimoja. Vijidudu viko kwenye ngozi, kwenye kwato, na hasa ndani ya utumbo. Vinahamia kwenye nyama wakati wa kuchuna na kupasua. Kisu kilichopita kwenye ngozi yenye mavi ndicho kinachoingia kwenye mnofu. Utumbo unatobolewa kwa haraka. Maji ya ndoo moja yanaosha mikono, kisu, maini na sakafu. Halafu nyama inapakiwa kwenye kiroba nyuma ya pikipiki, inapita vumbi la barabara ya machimbo, inafika bucha na kutundikwa mlangoni ili wapita njia waione.

Hapo joto linachukua kazi. Bakteria mmoja akiwa mahali penye joto, unyevu na chakula anaweza kujigawa kuwa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Saa 6 mchana alikuwa mmoja. Saa 7 wamekuwa 8, saa 8 wamekuwa 64, na ikifika saa 12 jioni, baba anaporudi kutoka kazini na kupitia bucha, wamezidi 260,000. Huyo ni mmoja tu, na nyama iliyochinjwa kwa uchafu haianzi na mmoja. Katika ubaridi wa friji, yaani nyuzi 4 au chini yake, wengi wao hupungukiwa nguvu kabisa. Kinachoamua nyama idumu muda gani ni mambo mawili: ilianza na vijidudu wangapi, na ilikaa kwenye joto kwa saa ngapi. Mfuko huja nyuma ya hayo mawili.

Sasa mifuko yenyewe. Iko ya namna nyingi. Ya kawaida zaidi ni ule mfuko mzito wa plastiki ambao hewa yote imenyonywa kwa mashine. Bakteria wengi wanaoozesha nyama huhitaji hewa, kwa hiyo wakinyimwa hudumaa. Nyama ya ng'ombe iliyochinjwa kwa usafi, ikafungwa hivyo na kuwekwa kwenye ubaridi unaokaribia nyuzi sifuri, hudumu wiki kadhaa. Ndiyo maana Australia huweza kuisafirisha kwa meli hadi Japani bila kuigandisha. Mifuko ya namna hii iko pia katika supamaketi za Dar es Salaam na Arusha. Ukiikuta nyama humo ina rangi ya zambarau iliyofifia, usishtuke, kwani nyama isiyo na hewa ndivyo ilivyo. Ukiifungua inarudia wekundu baada ya muda mfupi. Namna nyingine ni trei iliyofunikwa, ambayo hewa yake imebadilishwa na kuongezwa kaboni dayoksaidi. Wajapani nao walianza katika miaka ya 1970 kutia kwenye vifungashio vya vyakula kipakiti kidogo cha unga wa chuma kinachonyonya oksijeni.

Hiyo aliyoisikia kijana wetu ni hatua ya mbele zaidi. Kiini cha kuua vijidudu hupakwa juu ya karatasi au plastiki yenyewe, au kuchanganywa ndani yake, nacho hutoka polepole na kugusa nyama. Kimojawapo huitwa nisini, ambacho hutengenezwa na bakteria wa jamii ile ile wanaogandisha maziwa yetu ya mgando. Kingine ni kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Wengine hutumia mafuta ya mimea, na hapa Mtanzania ana haki ya kutabasamu, maana mafuta ya karafuu ni mojawapo. Wako pia wanaotumia chembe za madini ya fedha. Majaribio ya maabara ni mengi na mengi yametoa matokeo mazuri, ila mifuko iliyokwisha kufika madukani bado ni michache ukilinganisha na yale yanayoandikwa juu yake.

Lakini tusiitazame kama muujiza. Kiini kilichomo kwenye mfuko hufanya kazi pale tu kinapogusa nyama. Kilichojificha ndani ya nyama ya kusaga au kwenye mikunjo hakikifikii. Nisini ina nguvu kwa baadhi ya bakteria, bali peke yake haiwezi sana salmonela wala ikolai, ambao ndio wanaotuletea wagonjwa wa kuhara wodini. Tena karibu mifuko yote hiyo hutengenezwa kwa kutegemea kwamba nyama itakaa kwenye ubaridi. Itoe kwenye ubaridi, uiweke juani Katoro, na utakuwa umefanya jambo la hatari zaidi kuliko kuitundika, kwani wako bakteria wabaya sana wanaostawi pasipo hewa. Zaidi ya hayo, mfuko unaowanyamazisha bakteria wa kuozesha unanyamazisha pia harufu. Mama aliyezoea kutegemea pua yake atainusa nyama, ataona haina neno, kumbe ndani yake wamo wale wasionuka.

Tukiacha hayo ya ng'ambo, sisi wenyewe tumefunga nyama kwa namna gani? Wazee wetu walifunga kwa majani ya mgomba, wala hilo halikuwa jambo baya, kwani jani lilitumika mara moja likatupwa. Kisha likaja gazeti, na wino wake ukahamia kwenye mnofu. Kisha ukaja mfuko wa rambo, mweusi, mwepesi, uliojaa mitaroni na kwenye miiba ya migunga kote Usukumani. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikaupiga marufuku. Mabucha mengi yakakimbilia vile vifungashio laini visivyo na mshikio, hata ikabidi navyo vikemewe mwaka 2021. Mimi niliunga mkono katazo lile na ninaliunga mkono hadi leo. Ila lilileta tatizo moja ambalo sikulisikia likizungumzwa sana. Mfuko mbadala, ule wa kitambaa, una bei, na kwa hiyo hautupwi. Jumatatu unabeba nyama, damu inachuruzika na kukaukia kwenye kona. Jumanne unabeba mchicha na nyanya, na nyanya hiyo inaliwa mbichi kwenye kachumbari. Hapo umewachukua wadudu wa nyama ukawapeleka kwenye chakula kisichopikwa. Basi, ule wa nyama uwe wa nyama tu, ufuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila unapotumika. Bora zaidi ni kwenda bucha na bakuli lako lenye mfuniko. Muuza nyama akicheka, mwache acheke.

Sasa nije kwenye sangara, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Wakazi wa mwambao wa Geita na Sengerema wanakumbuka miaka ya 1997 hadi 1999. Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa sababu ya salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya Mwanza vilitikisika, wavuvi walikosa wanunuzi. Na tukafanya nini? Tulijirekebisha. Wakaguzi walipewa mafunzo na mamlaka. Mialo ilianza kujengewa sakafu za saruji, mapaa na maji ya bomba. Viwanda vilipanga upya kila hatua, kuanzia buti za mfanyakazi hadi joto la chumba. Barafu ikawa sehemu ya uvuvi; mtumbwi wa kukusanya samaki ukatoka na barafu na kurudi na barafu. Soko likafunguliwa tena, na hadi leo minofu ya sangara hupanda ndege na kuliwa Ulaya ikiwa bado mibichi.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Watanzania hatuwezi, au kwamba joto la nchi yetu haliruhusu. Tuliweza, tena kando ya ziwa hili hili, tena kwa haraka. Tofauti ni kwamba samaki yule alikuwa anakwenda kuliwa na Mzungu mwenye mkaguzi, na ng'ombe huyu anakwenda kuliwa na mtoto wa Nyarugusu asiye na mkaguzi wa kumsemea. Minofu ya sangara na paja la ng'ombe huweza kupita barabara ileile siku ileile, mmoja ndani ya gari la baridi na mwingine juu ya pikipiki. Napata uchungu kila ninapolifikiri jambo hili.

Sheria tunazo. Iko Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama, nayo Bodi imekuwa ikihimiza mabucha yaachane na magogo na mashoka na kutumia misumeno ya kukatia nyama. Gogo, mpenzi msomaji, lina nyufa, na ndani ya nyufa imo nyama ya juzi. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko pia mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Kwenye halmashauri wapo maofisa mifugo na maofisa afya. Lakini machimbo hayangoji halmashauri. Dhahabu ikisikika leo porini, wiki ijayo kuna kambi ya watu maelfu, kuna vibanda vya mama lishe, kuna bucha nne za mabati, wala hakuna machinjio, hakuna bomba na hakuna choo. Ng'ombe huchinjwa kichakani alfajiri bila kupimwa na mtaalamu. Huko ndiko hata nyama ya mnyama aliyejifia hupata soko, na kimeta hakiulizi nyama ilifungwa kwa mfuko gani. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi isinunuliwe, hata ikiwa nusu bei.

Jambo jingine la machimboni, nalitaja kwa kifupi kwa sababu ni la hatari: karai au ndoo iliyotumika kuchanganyia zebaki, na pipa lililokuja na kemikali za kuoshea dhahabu, visitumike kamwe kubebea wala kuhifadhia nyama. Kuviosha hakutoshi.

Pale ambapo hakuna ubaridi, kuna majaribu ya kutafuta njia ya mkato. Januari 2018 maofisa wa jiji la Kampala waliwakamata wauza nyama waliotuhumiwa kuipaka formalini ili isioze na nzi wasitue. Formalini tunaifahamu sisi wa hospitali. Ndiyo tunayohifadhia vipande vya mwili vinavyopelekwa maabara, na ndiyo inayotumika kwa maiti. Julai 2019 televisheni ya NTV ya Kenya ilionyesha nyama iliyotiwa kemikali ya salfaiti ili nyama ya siku nyingi ionekane nyekundu kama ya leo. Salfaiti huweza kumletea mwenye pumu shambulio kali, nayo huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye nyama. Usiifananishe na mifuko niliyoieleza. Kiini cha kwenye mfuko halali kimepimwa, kiwango chake kinajulikana, na kimeandikwa. Kile cha kwenye chupa chini ya meza ya bucha hakuna ajuaye ni nini.

Habari hizo zimezaa msemo mpya unaonisikitisha, kwamba nyama yenye nzi ndiyo nyama salama, maana haina dawa. Sivyo. Nzi hutoka chooni moja kwa moja hadi kwenye mnofu, na miguuni mwake amebeba kuhara damu na homa ya matumbo. Bucha lenye wavu wa dirisha, kioo na friji halina nzi kwa sababu ya usafi. Ukiona nyama imening'inia wazi, mchana kweupe, na nzi wanaikwepa, hapo ndipo uulize.

Turudi nyumbani sasa, kwenye ile sherehe. Ubatizo, kipaimara, Komunyo ya Kwanza, harusi: mara nyingi ng'ombe huchinjwa jana yake mchana, nyama inalala kwenye masufuria na majamvi, inapikwa alfajiri, inapozwa, inapashwa moto saa 8 mchana wageni wanapofika. Si mara moja tumepokea wodini watu wa sherehe moja, wote wakitapika saa chache tu baada ya kula, na kila mara wenyeji hutuapia kwamba nyama iliiva vizuri. Huenda kweli iliiva. Wako bakteria wanaotoka kwenye vidonda vya mikono na puani mwa wapishi, ambao wakizaliana kwenye chakula kilichoachwa kwenye joto hutoa sumu. Moto utawaua bakteria, lakini sumu yao inastahimili kuchemshwa. Ndiyo maana mpishi mwenye kidonda kidoleni apewe kazi ya kuchota maji au kuchochea kuni, asikate nyama, na ndiyo maana chakula kilichopikwa kisikae kwenye uvuguvugu zaidi ya saa mbili.

Kama hakuna friji, mchinje alfajiri ya siku yenyewe na mpike mara moja. Kama haiwezekani, tafuteni barafu. Inapatikana kuliko mnavyodhani, kwa sababu wafanyabiashara wa samaki wanayo, na wengi wa miji yetu hufikiwa na samaki wa ziwa karibu kila siku. Kanuni inayofundishwa kwa samaki katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Shikeni hiyo hiyo kwa nyama. Ikatwe vipande vya wastani ili baridi iingie, iwekwe kwenye ndoo safi za chakula zenye mifuniko, na ndoo ndizo zizungukwe na barafu, kwa maana barafu ya samaki haikutengenezwa kugusana na chakula chenu. Funikeni yote kwa magunia mazito kivulini.

Nyama inayobaki, ile ya kwenda nayo siku nyingi, ikaushwe kama walivyofanya bibi zetu, kwa vipande virefu vyembamba vilivyopakwa chumvi vizuri, mahali penye upepo. Chumvi na ukavu huwanyima vijidudu maji. Kwa maana hiyo bibi zetu walikuwa na teknolojia yao kabla ya hiyo ya mifuko. Ila nina ombi moja. Kuifunika dhidi ya nzi msitumie vyandarua vya mbu vinavyogawiwa kliniki na shuleni. Vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haifai kugusa chakula. Tumieni wavu wa kawaida au kitambaa chepesi kisafi.

Mtu akishikwa na tumbo baada ya sherehe, apewe maji ya ORS kidogo kidogo bila kukoma. Akiharisha damu, akishindwa kushika hata maji, au macho ya mtoto yakididimia, msingoje kesho.

Nimeziona daftari nyingi za kamati za harusi. Kuna mstari wa muziki, wa keki, wa mapambo, wa video na wa sare za wapambe. Wa barafu sijauona bado. Kamati zinazokaa mwezi huu ziuandike, tena juu ya ule wa keki, na mtu mmoja apewe jina lake mbele ya mstari huo. Nao wajumbe wa serikali za vijiji walio miongoni mwetu, kabla ya kugawa kiwanja kingine cha bucha, wamuulize mwombaji maswali mawili: maji atayatoa wapi, na ubaridi atautoa wapi.